Njia ya Herufi Ding na Alifu ya Bibi

Miaka mingi iliyopita nilipelekwa China kwa ufadhili wa masomo. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha peke yake: asubuhi kutamka, mchana kuandika, usiku kusahau. Mwezi wa tatu tangu nifike, jioni moja ya baridi, nilipotea njia. Kwenye kona ya mtaa palikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyechoma viazi vitamu ndani ya pipa la chuma. Nilimwita ayi, yaani mama mdogo, kwa desturi ya kule, nikamwuliza njia ya kufika bwenini kwetu. Akaniambia niende moja kwa moja mpaka dingzi lukou, kisha nikate kushoto.

Lukou nililijua: makutano ya barabara. Zi nililijua: herufi. Ding nililijua kama jina la ukoo, kwa sababu mmoja wa walimu wetu alikuwa wa ukoo huo. Basi nikatembea nikitafuta kibao chenye jina la Bwana Ding. Nilifika mahali barabara ilipokomea kwenye ukuta, nikaona nimekosea, nikarudi. Mama yule alicheka mpaka akashika kiuno. Akachukua koleo lake la makaa, akachora hewani mstari wa kulala, kisha mstari wa kusimama uliotoka katikati yake kwenda chini: 丁. Ile ndiyo herufi ding. Ule ukuta ndio ulikuwa mstari wa kulala, na barabara niliyopita ndiyo iliyokuwa mstari wa kusimama. Nilikuwa nimefika bila kujua kuwa nimefika.

Tangu siku ile nilianza kuyaokota maneno ya namna hii, na nikayakuta kila mahali. Wachina, wakitaka kueleza umbo la kitu, mara nyingi hawalilinganishi na kitu kingine, bali na herufi. Njia panda ya barabara nne ni makutano ya herufi ya kumi, kwa kuwa kumi huandikwa 十. Msalaba aliosulubiwa Yesu huitwa shizijia, kiunzi cha herufi ya kumi, na Shirika la Msalaba Mwekundu kwao ni la herufi nyekundu ya kumi. Ndala zenye mkanda unaogawanyika kati ya vidole ni ndala za herufi ya mtu, kwa sababu mtu huandikwa 人, na ngazi ya kukunja yenye miguu miwili nayo ni ngazi ya herufi ya mtu. Masharubu yaliyoinama pande mbili ni ya herufi ya nane, 八. Uso wa mraba, wenye taya pana, ni uso wa herufi ya nchi, 国, na ndio uso ambao watu hupenda kuuona kwa hakimu au jemadari. Piramidi za Misri huitwa jinzita, minara ya herufi ya dhahabu. Mgeni husikia dhahabu akadhani wanazungumzia utajiri wa mafarao, kumbe wanatazama tu jinsi herufi 金 inavyoanza kwa ncha juu na kutanuka chini. Na bendera ya Uingereza, ile iliyopepea juu ya sehemu kubwa ya bara letu, Wachina huiita bendera ya herufi ya mchele, maana mchele huandikwa 米, mistari inayokutana katikati na kuchomoza kila upande. Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Tulifundishwa kuiogopa bendera ile, na kuna watu walioitazama wakaona wali.

Yafaa tuelewe vizuri kinachotendeka hapa. Husemwa mara kwa mara kwamba maandishi ya Kichina ni picha. Si kweli. Herufi zao nyingi zimeundwa kwa sehemu inayodokeza maana na sehemu inayodokeza sauti, na msomaji wa leo hazioni kama picha. Katika maneno haya, hata hivyo, herufi huvuliwa maana na kuachiwa mwili wake tu. Mtu anayesema "mnara wa herufi ya dhahabu" hafikirii dhahabu, na anayesema "njia ya herufi ding" hamfikirii Bwana Ding. Mkono ulioandika herufi hiyo mara mia utotoni, mchoro baada ya mchoro kwa mpangilio uleule, umegeuza herufi kuwa kipimo, kama sisi tunavyopima kwa shubiri na pima. Kwa hiyo msemaji anaweza kumpa msikilizaji umbo zima kwa silabi moja, kwa sharti moja tu: kwamba wote wawili wana herufi ileile vichwani mwao.

Kuna mahali ambapo maana iliyovuliwa hurudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1905 serikali ya wafalme wa Qing ilianza kujenga reli kutoka Beijing hadi Zhangjiakou chini ya mhandisi Zhan Tianyou, aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto na kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1881. Ilikamilika mwaka 1909, na hukumbukwa kuwa reli kubwa ya kwanza iliyobuniwa na kujengwa na Wachina wenyewe. Karibu na Ukuta Mkuu, mlima ulikuwa mkali mno kwa treni kupanda moja kwa moja. Zhan akatandika reli katika umbo la 人: treni inapanda mkono mmoja mpaka kileleni mwa herufi, halafu injini ya nyuma inakuwa ya mbele, na treni inaendelea kupanda kwa mkono wa pili. Mbinu hiyo ilikuwa imekwishatumika katika nchi nyingine. Lakini kwao inaitwa reli ya herufi ya mtu, na mwalimu wetu alipotusimulia habari zake sikuona kama alikuwa anaeleza umbo peke yake. Katika miaka ambayo mataifa ya nje yalikuwa yakigombania kujenga na kumiliki reli za China, kuandika "mtu" mlimani kwa chuma lilikuwa jambo zito.

Japani walizipokea herufi hizo kutoka China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakaongeza seti mbili za herufi zao za silabi, na wakazitazama zote kwa macho yao wenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa herufi ya mto, 川, mistari mitatu iliyosimama sambamba. Mchina huiona kwenye kipaji cha uso: mikunjo mitatu inayojitokeza kati ya nyusi za mtu mwenye mawazo huitwa mikunjo ya herufi ya mto. Mjapani huiona kitandani, au tuseme kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni: baba upande mmoja, mama upande wa pili, na mtoto katikati. Familia hiyo imelala kwa herufi ya mto. Herufi ni moja. Huku ni mashaka ya mtu mzima, kule ni usalama wa mtoto.

Anayelala chali, mikono na miguu ameitupa pande zote, Mjapani husema amelala kwa herufi ya kubwa, 大. Herufi hiyohiyo huwashwa kwa moto mlimani juu ya mji wa Kyoto kila tarehe 16 Agosti, pamoja na mioto mingine ya milima ya jirani, kuziaga roho za wazee waliokuja kutembelea nyumba zao. Mchoro wake mrefu una urefu wa mita 160 hivi. Mdomo ulionuna ni wa herufi he, へ. Na ndugu zangu watumishi wa umma watafurahi kusikia kwamba hata meza za mikutano zina herufi zake: zikipangwa pande tatu na upande mmoja kuachwa wazi, zimepangwa kwa herufi ko, コ, zikifunga pande zote nne, zimepangwa kwa herufi ro, ロ. Mhudumu akiambiwa silabi moja anajua aanze kusogeza viti wapi.

Lakini Japani pia ndiko nilikojifunza kwamba macho ya jamii huweza kubadilishwa bila mtu kushtuka. Ile njia yangu ya ding ipo kwao pia. Sheria yao ya usalama barabarani inaiita teijiro, kwa herufi 丁. Watu wengi mitaani leo husema tiijiro, na wakiandika, huandika T ya Kirumi. Sauti zinakaribiana, umbo linakaribiana, barabara ni ileile. Herufi moja imetoka na nyingine imeingia mahali pake. Nane nayo ina hali kama hiyo. Nyusi za mtu mwenye huzuni ni za herufi ya nane, ile ya kwao, 八. Lakini nyuki anayecheza mbele ya wenzake kuwaelekeza kwenye maua huchora herufi ya nane, ile yenye vitundu viwili, 8. Kwa kusikia tu huwezi kuzitofautisha. Ni lazima ujue msemaji anaona nane ipi.

Hapa ndipo swali linaponigusa mimi mwenyewe. Ikiwa maneno haya yanataka wote wawili wawe na herufi ileile vichwani, je, asiyesoma ana nafasi gani ndani yake?

Jibu nilipewa na yule mama wa viazi. Tulikwisha kuwa marafiki. Siku moja alinionyesha karatasi iliyotoka ofisi ya mtaa kuhusu vibali vya wachuuzi, akaniomba nimsomee, maana mimi nilikuwa mwanafunzi na yeye, alisema, alikuwa kipofu mwenye macho wazi. Ndivyo wanavyomwita kwao mtu asiyejua kusoma. Nilijitahidi, nikaambulia herufi moja katika nne. Mwishowe mtoto aliyekuwa akirudi kutoka shule akatusomea sisi sote wawili, kwa huruma isiyofichika.

Niliporudi chumbani nilitafakari. Kichina kina msemo wa kisomi kwa mtu kama yule mama: macho yasiyoitambua ding. Herufi ding ina michoro miwili tu, kwa hiyo asiyeijua hajui hata iliyo rahisi kabisa. Na herufi hiyohiyo ndiyo aliyonichorea hewani kwa koleo. Aliijua kama njia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuijua hivyo nako ni kujua.

Mwandishi Lu Xun aliliona jambo hili kabla yetu. Katika hadithi ya Ah Q, aliyoiandika kati ya mwaka 1921 na 1922, kibarua huyo maskini anapewa karatasi ya hukumu atie sahihi. Anasema hajui kuandika. Basi anaambiwa achore duara. Ah Q, ambaye hajui kwamba karatasi ile ni ya kifo chake, anahangaikia kitu kimoja tu: duara lake liwe duara kweli. Mkono unatetemeka, kalamu inateleza, na duara linakuwa kama mbegu ya tikiti. Anaona aibu. Lu Xun mwenyewe alifikia kuamini kwamba herufi za Kichina zingepaswa kuachwa ili umma upate kusoma. Na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mwaka 1949 watu wanane katika kila kumi nchini humo hawakujua kusoma. Serikali mpya haikuziacha herufi hizo. Ilizirahisisha mwaka 1956, na mwaka 1958 ikapitisha tahajia ya Kirumi iwe msaada wa kufundishia.

Tunaweza kujua yangekuwaje kama wangeziacha, kwa sababu jirani yao aliziacha. Vietnam ilitumia herufi za Kichina kwa karne nyingi, kisha, chini ya utawala wa Wafaransa na baadaye kwa hiari ya wazalendo wenyewe, ikahamia tahajia ya Kirumi. Mtihani wa mwisho wa kifalme kwa herufi za zamani ulifanyika mwaka 1919. Hata leo Mvietnam husema kwamba mtu mwenye uso wa mraba ana uso wa herufi dien, yaani herufi ya shamba, 田. Na anayekaa ameweka mguu juu ya mguu, amekunja miguu kwa herufi ngu, yaani tano, 五. Wengi wa wanaosema hivyo hawawezi kuzisoma wala kuziandika herufi hizo. Wamebaki na jina la umbo bila umbo.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka bibi mzaa mama.

Bibi alikuwa mtu wa pwani, msusi wa mikeka. Tulipokuwa wadogo, tukijikunja kwa uvivu wakati wa kula au wa kusoma, alikuwa akituambia: "Kaa kama alifu!" Mimi nilisikia "alfu". Kwa miaka yote ya utoto wangu niliamini kwamba bibi anatutaka tukae kama watu elfu moja, na nilijaribu, kwa kutanua mabega. Nilikuwa nimeshatimiza miaka ishirini na kitu, niko katika nchi ya mbali nikikariri herufi za watu wengine, ndipo nilipotambua kwamba alimaanisha herufi: alifu, ا, mstari mmoja uliosimama wima. Washairi wa Kiarabu na wa Kiajemi waliitumia kwa karne nyingi kusifia kimo cha mpenzi. Bibi aliitumia kuwanyosha wajukuu migongo. Ilikuwa ni ding yake.

Maana bibi alisoma. Alisoma Kurani, na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Waswahili kwa karne nyingi kabla shule za wamisheni na za serikali za kikoloni hazijaipa tahajia ya Kirumi nafasi yote, na kabla ya kamati ya mwaka 1930 kuisanifisha. Alikuwa na daftari la madeni: nani amechukua mkeka, nani ameleta ukili, nani bado. Hakuna aliyewahi kumdhulumu kwa hesabu.

Nilipokuwa darasa la sita nilimsindikiza ofisi moja kuandikishwa. Afisa hakumwuliza yeye. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa na sare ya shule: "Bibi yako anajua kusoma?" Nikajibu: "Hapana."

Sikusema uongo kwa makusudi. Niliamini hivyo. Kusoma, kwangu, kulikuwa ni a, e, i, o, u. Afisa akaandika alichoandika, akavuta kidau cha wino, na bibi akatoa kidole gumba. Alikibonyeza taratibu, akakiangalia kama Ah Q alivyoliangalia duara lake, na hakusema neno. Njiani kurudi alitembea kama alifu. Alifariki kabla sijaelewa, kwa hiyo sikumwomba radhi.

Sisemi kwamba tungepaswa kubaki na herufi za Kiarabu, wala kwamba herufi za Kirumi ni dhambi. Makala haya yameandikwa kwazo, na kwazo mamilioni ya watoto wetu husoma. Wala Kiswahili hakikukosa macho yake: tunaposema njia panda tunaona panda ya mti, tawi lililogawanyika, na mtu hahitaji shule kuliona. Ninachosema ni kwamba tulipobadilisha herufi tulibadilisha pia hesabu ya nani anajua na nani hajui, na hesabu hiyo tuliifanya bila kuwauliza waliokuwa wakihesabiwa. Leo tunasema "makutano ya T" na "kugeuka kwa U" bila kuona kwamba nasi tumo katika desturi ileile ya Wachina, ila kwa herufi tulizopewa juzi. Tunao hata msemo wetu wa dharau, "hajui alifu kwa ujiti", ambao ni ndugu wa yale macho yasiyoitambua ding. Tunautumia dhidi ya wajinga, na wengi wetu tunaoutumia hatuwezi kuuandika kwa herufi unazozitaja. Kwa kipimo cha msemo huo, asiyejua alifu kwa ujiti pale ofisini alikuwa mimi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wasomaji wangu walio maofisini, wanaobuni fomu na dodoso. Pale mnapoandika "Je, anajua kusoma na kuandika?", ongezeni mstari mmoja: "Kwa herufi zipi?" Na swali aulizwe mwenyewe, asiulizwe mjukuu mwenye sare. Kwa wanafunzi wangu ambao bibi zao wangali hai, ninaomba mkawaulize kama wanalo daftari.

La bibi yangu ninalo. Lina jalada la kijani lililoliwa na mende, na kurasa arobaini hivi za madeni ya watu ambao wengi wao wamekwisha kufa. Tangu mwaka jana najifunza kulisoma, jioni, kwa msaada wa mwalimu wa madrasa ambaye umri wake ni nusu ya wangu. Ninakwenda polepole, na juzi nilimaliza ukurasa wa kwanza. Mtu wa tatu katika orodha, aliyechukua mkeka mmoja wa kulalia na kulipa nusu, alikuwa babu.